Shamba la Kando ya Barabara

Anayepita barabara za Kongwa, Chamwino au Bahi kati ya Machi na Mei atakutana nalo: kipande cha nusu ekari hivi, uwele umesimama kwa mistari iliyonyooka, na mbele yake kibao kinachotaja aina ya mbegu, tarehe ya kupanda na nafasi kati ya shimo na shimo. Chini kabisa zipo nembo tatu au nne za waliotoa fedha. Hilo ndilo shamba darasa. Hatua chache nyuma yake liko shamba la jirani, ambaye msimu mzima amekuwa akipita hapo kwenda kisimani na kurudi. Mwaka unaofuata jirani huyo anapanda vile vile alivyopanda baba yake.

Si kwamba cha kuonyesha hakipo. Mbegu mbili za uwele zilizoboreshwa, Okoa na Shibe, ziliidhinishwa nchini mwaka 1994. Kituo cha utafiti cha Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kimeshughulikia mtama na uwele kwa miaka mingi. Hata Umoja wa Mataifa ulizitengea nafaka za jamii hii mwaka wake, 2023. Lakini mavuno ya mkulima wa kawaida bado hayafiki tani moja kwa hekta. Kwa hesabu ya shambani tani moja kwa hekta ni kama magunia manne ya kilo mia kwa ekari, na miaka mingi hata manne hayatimii.

Basi nimeweka sauti tano hapa zibishane. Watu hawa hawana majina kwa sababu nimewatunga, ila hoja zao hazitakuwa ngeni kwa yeyote aliyewahi kukaa chini ya turubai la siku ya wakulima. Nitaingilia pale nitakapoona mtu anapewa ushindi wa bure.

BIBI SHAMBA: Naanza mimi, maana lawama zote huishia kwangu. Mkulima haamini maneno, na ana haki. Nikisimama mkutanoni nikasema pandeni kwa mistari, sentimita sabini na tano kati ya mstari na mstari, thelathini kati ya shimo na shimo, punguzeni miche ibaki miwili, wote wataitikia "sawa" na kwenda zao. Akiona kwa macho yake masuke yaliyojaa hadi nchani, hapo hahitaji kusoma kipeperushi wala kunisikiliza mimi. Mwenye macho haambiwi tazama.

MZEE: Macho tunayo, binti. Tatizo ni kwamba tunaona na yale ambayo kibao hakiyasemi. Kibao hakisemi kwamba kipande kile kilikuwa zizi la ng'ombe wa mwenyekiti, akalihamisha juzijuzi tu. Pale ukitupa kokwa ya embe linaota. Halafu mtu wa Kongwa unamwambia atazame? Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga, wakaleta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Wataalamu walikuwa wengi. Udongo ulipokauka ukawa mgumu, karanga zikakataa kung'oka, na mwaka 1951 wakafunga virago. Wazee wetu waliokuwa vibarua pale walitazama sana.

BIBI SHAMBA: Mzee, ule ulikuwa mradi wa wakubwa waliokuja na majibu mfukoni. Huu ni robo ekari ya mwanakijiji mwenzako.

MZEE: Mwanakijiji gani? Kila mwaka ni mwenyekiti, au mtendaji, au shemeji yao.

BIBI SHAMBA: Kwa sababu shamba la mwenyekiti liko kando ya barabara! Mgeni rasmi hatembei kilomita tatu akipita kwenye miiba. Nikichagua shamba la bondeni kwa mjane mmoja, naulizwa kwa nini nimewapeleka viongozi porini. Na mimi nina vijiji vitatu. Pikipiki walizotugawia mwaka 2022 zimesaidia sana, lakini petroli hainyeshi na mvua. Shamba la karibu nalikagua mara nyingi, la mbali mara moja kwa mwezi.

Hii ni sababu ya kweli, na ndiyo maana inadhuru. Shamba likichaguliwa kwa kufikika kwa gari linakuwa limechagua pia aina ya mkulima: mwenye kiwanja kizuri, mwenye ng'ombe, mwenye sauti kijijini. Jirani anapolitazama haoni uwele peke yake. Anaona uwele wa mtu mwenye uwezo, na anajua tofauti yao haikuanzia kwenye mbegu.

MTAFITI: Naomba niitetee kazi yetu. Hoja ya zizi tunaijua, ndiyo maana hatupandi kipande kimoja. Nusu ekari tunaigawa mara mbili. Upande huu robo ekari ya mbegu mpya na kanuni zote, upande ule robo ekari ya mbegu yenu na njia yenu. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Kama zizi lilikuwepo, lilirutubisha pande zote mbili. Anayesimama katikati analinganisha mwenyewe, hadanganywi na mtu.

MZEE: Njia yetu ipi, Daktari? Upande mliouita wa kienyeji mlimwaga mbegu ovyo, mkaupalilia mara moja, tena magugu yakiwa yameshafika magotini. Nani aliwaambia tunalima hivyo? Mimi naberega mapema, kabla mvua haijanusa. Nafyeka, nakusanya mabua, nachoma. Nachimba vishimo kwa jembe, natia mbegu za kutosha kila kishimo maana najua panya ana fungu lake, siafu ana lake, jua lina lake. Nikiacha miche sita pamoja si uvivu. Jua la Februari linapunguza lenyewe, na kitakachobaki kimethibitisha kwamba kinaweza kubaki. Wewe unaning'olesha minne ikiwa hai, halafu jua linakuja kuchukua miwili iliyobaki. Mliyoionyesha pale ni njia ya mvivu, na kila kijiji kina mvivu wake.

MTAFITI: Hapo sina la kusema. Upande wa mlinganisho ukilimwa vibaya, jaribio zima ni bure.

Mtafiti amekubali haraka, kwa hiyo nimrudishie deni lake. Kuberega si ujinga. Kunampa mtu asiye na maksai wala trekta nafasi ya kuwahi mvua ya kwanza kwenye eneo kubwa. Gharama yake iko chini ya nyayo. Dodoma hupata milimita kama 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na nyingi huja kwa vishindo. Udongo ambao haujapasuliwa hufanya gamba juu, maji yakaserereka kwenda korongoni badala ya kuzama. Mabua yaliyochomwa nayo hayarudi shambani. Kwa hiyo anaposema jua lilichukua miche yake, Mzee anasahau kwamba sehemu ya maji ambayo yangeivusha miche hiyo ilipita juu ya shamba lake mchana kweupe. Matuta ya kufungia maji na mifereji iliyopasuliwa kwa jembe la ng'ombe yana kazi hapo, na ubishi hautaiondoa kazi hiyo.

Sasa sikia upande ambao mabishano ya wanaume wawili hayakuugusa.

MAMA WA KIKUNDI: Mimi siku ile ya kupanda nilikuwepo. Tulikuwa watu ishirini na wawili kwenye robo ekari. Wawili wameshika kamba yenye mafundo, wanne wanachimba, mmoja anatia samadi, mwingine mbegu, mwingine anafukia, waliobaki tunaimba. Saa nne asubuhi tumemaliza, tukanywa chai na mikate, tukapigwa picha. Haya, nirudi kwangu. Nina ekari tatu. Nguvukazi ni mimi na binti yangu wa darasa la sita, ambaye saa moja na nusu anatakiwa awe shuleni. Mvua ya kupandia ikinyesha leo, nina siku mbili tatu kabla udongo haujakauka. Nishike kamba au nipande?

BIBI SHAMBA: Mama, sijasema ekari zote tatu. Anza na moja ya mistari. Na palizi yake utaipenda, maana jembe linapita moja kwa moja, hutafuti mche kwenye majani.

MAMA WA KIKUNDI: Palizi ya mistari ni rahisi, nakubali. Nimeiona kwa mikono yangu. Lakini hiyo ya kuanza na ekari moja hukuiandika kwenye kibao, mwanangu. Uliandika magunia. Ungeandika: watu ishirini na wawili, asubuhi moja, robo ekari. Hapo kila mwanamke angepiga hesabu yake papo hapo. Na samadi je? Pale ilitoka kwa mwenyekiti, mikokoteni minne. Mimi sina ng'ombe. Nikiomba samadi kwa mtu namlimia siku mbili. Basi siku mbili hizo nazo ni gharama ya uwele wako.

BIBI SHAMBA: Kwa asiye na samadi tunafundisha mbolea kidogo ya dukani, kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo. Wenzetu wa Niger wamelima uwele hivyo kwenye mchanga mtupu, gramu kama sita kwa shimo.

MAMA WA KIKUNDI: Kizibo nakipenda. Kizibo naweza kukihesabu.

Katika mjadala wote huu, hesabu ya Mama ndiyo iliyonikaa. Shamba darasa limezoea kuonyesha kinachotoka likaficha kinachoingia. Magunia hupimwa mbele ya mkuu wa wilaya. Siku za kazi hazipimwi mbele ya mtu yeyote. Mkulima anayekataa baada ya kulitazama shamba hilo tunamwita mgumu wa kubadilika. Huenda ndiye pekee pale aliyepiga hesabu hadi mwisho.

MZEE: Nina swali moja, na nimelibeba miaka. Likikauka?

BIBI SHAMBA: Likikauka nini?

MZEE: Shamba darasa. Mwaka ambao mvua ilikata mapema na lenu likaungua, siku ya wakulima haikufanyika. Kibao kiling'olewa. Nani alimlipa mwenye shamba?

BIBI SHAMBA: (anakaa kimya kidogo) Mradi ulitoa mbegu, mbolea, kibao, turubai, viti, soda na posho za wageni. Fungu la hasara halikuwepo. Sijawahi kuliona kwenye bajeti yoyote.

MTAFITI: Hili swali lina historia, tena mbali na hapa. Mwaka 1903, mji wa Terrell, jimbo la Texas, Marekani. Fukusi wa pamba alikuwa ameingia na wakulima walikuwa wamekata tamaa. Ofisa mmoja wa serikali, Seaman Knapp, alikuwa ameshajaribu mashamba ya mfano yanayoendeshwa na serikali. Hayakumshawishi mtu, maana wakulima walisema anayelimia fedha za serikali hawezi kushindwa. Knapp akageuza mpango. Safari hii kipande cha ekari kama 70 kilibaki mikononi mwa mkulima mwenyewe, Walter Porter, akalima kwa kufuata maelekezo, kwa nguvu zake na gharama zake. Wafanyabiashara wa mji wakachanga mfuko: akipata hasara, alipwe. Porter hakuuhitaji ule mfuko, alipata faida. Kazi ya ugani ya Marekani yote inajivunia shamba lile.

MZEE: Unaona? Walianza na mfuko wa hasara, kibao hawakukikumbuka.

MTAFITI: Nauona, ila naogopa. Ukimwambia mkulima "ukikosa utalipwa", ataacha palizi. Na jirani yake atasema yale yale ya Texas, kwamba huyu kalimia fedha za mradi. Tutakuwa tumerudi tulikotoka.

MAMA WA KIKUNDI: Si lazima mumlipe ahadi yenu ya magunia. Mna pande mbili, sivyo? Mlipeni tofauti. Upande mpya ukitoa kidogo kuliko upande wa zamani, mfidieni pengo hilo tu. Ukitoa sawa au zaidi, hadai kitu. Hapo hata ule upande wa zamani hataulima kivivu, maana ndio kipimo chake.

MTAFITI: Na akiutelekeza upande mpya makusudi?

MAMA WA KIKUNDI: Kijijini? Kila mtu anajua nani hajapalilia. Siku ya kupima waulizeni majirani kabla hamjatoa senti.

Mtafiti hakujibu, nami sina la kumjibia. Wapo watakaosema fidia inamzoesha mkulima kudeka. Wanasahau kwamba kila mtu mwingine kwenye mpango huu analipwa shamba likistawi na analipwa likikauka: ofisa ana mshahara, mtafiti ana ruzuku, mwenye turubai amekodisha turubai lake. Anayecheza kamari pale ni mmoja tu, na ndiye asiye na akiba.

WAKALA WA PEMBEJEO: Mmenisahau. Tuseme mmewashawishi wote. Novemba wanakuja dukani kwangu: "Tupe ule uwele wa shamba darasa." Sina. Nina mahindi chotara makampuni manne, nina alizeti, nina mtama kidogo. Uwele sina. Mnajua kwa nini? Ekari moja inataka kilo mbili tatu za mbegu. Mkulima akinunua mara moja, mwakani anachagua masuke yake mwenyewe, harudi. Kampuni gani itasafirisha lori kwa biashara hiyo? Mtama angalau viwanda vya bia vinauulizia. Uwele ni chakula cha watu, na anayekula hana mkataba na mtu.

BIBI SHAMBA: Ndiyo maana kuna utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa. Wakulima wachache wanasajiliwa, shamba linakaguliwa, wanauza hukohuko kwao.

WAKALA WA PEMBEJEO: Vizuri. Walifundishwa kwamba uwele haufanani na mtama? Mtama unajichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa. Uwele unaoana na wa jirani, upepo unabeba chavua. Shamba la mbegu likiwa karibu na la Mzee bila mita mia kadhaa katikati, baada ya misimu michache mnarudisha mbegu ya Mzee kwenye mfuko mpya, na mimi ndiye ninayetukanwa dukani.

MZEE: Mbegu yangu haina ubaya wa kukutukanisha.

MTAFITI: Nilete mfano wa karibu kidogo. Kaskazini mwa Namibia uwele ndio chakula kikuu, wao wanauita mahangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walipanda aina nyingi pamoja, wakawaita wakulima, wakanyamaza. Wakulima ndio waliochagua. Walipenda moja inayowahi kukomaa na yenye punje kubwa. Ikaidhinishwa mwaka 1990 kwa jina la Okashana 1, na ndani ya muongo mmoja ilikuwa imechukua karibu nusu ya eneo la uwele nchini mule. Baadaye wakulima wa huko wakawa na ushirika wao wa kuzalisha mbegu. Sisi hapa tunawapa wakulima aina moja na kibao.

MAMA WA KIKUNDI: Aina nyingi, na sisi tuchague. Mngekuja na hilo tangu asubuhi tusingegombana.

Kuwahi kukomaa kunasifiwa kila mahali, na kwenye nchi ya mvua za mkato ni sifa kweli. Lakini kwenye robo ekari sifa hiyo inaweza kugeuka balaa, na sijaona kibao kinachoonya.

MZEE: Ndege. Mbona hamsemi ndege? Uwele wenu uliiva siku kumi na tano kabla ya wetu. Bonde zima lilikuwa bichi, chakula ni kile kirobo cha mwenyekiti tu. Kwelea kwelea wakashuka. Mwenyekiti aliwaweka watoto juu ya dungu tangu alfajiri hadi jua kuzama, wanaamia kwa kombeo na kelele, na bado alivuna vichwa vitupu upande mmoja. Uwele wetu una nywele kwenye suke, ndege anachomwa, anakwenda kutafuta penye ulaini.

MTAFITI: Kijiji kizima kikipanda aina hiyo, ndege wanagawanyika, hasara ya kila mmoja inapungua.

MZEE: Tukikubali, mtasema ni kwa sababu ya shamba darasa. Ndege wakila, mtasema ni kwa sababu si kijiji kizima. Sasa mimi nijifunze nini kwenye kirobo?

Nadhani hapa Mtafiti ana haki na Mzee ana haki, na anayekosea ni kirobo. Shamba dogo linaweza kupamba, kama lilivyopamba lile la zizini. Linaweza pia kuchafua jina la mbegu nzuri, kwa kuifanya iwe mlo pekee wa ndege wa bonde zima. Mambo kama ndege, kiduha kinachonyonya mizizi, na chavua inayosafiri hayaonekani kwa ukweli wake hadi watu kadhaa wapande jirani kwa jirani. Wamalawi walilijaribu jambo hilo kwa namna yao katika miaka ya 1990, kwa mpango walioupa sura ya mama na watoto: shamba moja kubwa la mtafiti katikati lenye aina zote, na vishamba vingi kwa wakulima wenyewe, kila mmoja akichukua mambo mawili matatu aliyoyapenda na kuyalima kwa jembe lake, kwenye udongo wake mbaya, kwa muda wake finyu. Shamba la katikati hujibu maswali ya mtafiti. Jirani anayelima kishamba chake kwa shida zile zile ndiye anayemjibu jirani.

BIBI SHAMBA: Na nani atakagua watoto ishirini? Mimi na pikipiki yangu?

MAMA WA KIKUNDI: Daftari. Kikundi kina katibu, anaandika hesabu za kuweka na kukopa kila Jumamosi. Mwongezeeni ukurasa: nani kapanda lini, watu wangapi, palizi ngapi, kavuna debe ngapi. Wewe unakuja kusoma. Na nina moja la mwisho. Siku ya wakulima mnaifanya masuke yakiwa shambani, mnapiga makofi, mnaondoka. Sisi kazi yetu ndiyo inaanza hapo. Kupura, kupepeta, kutwanga. Mbegu mpya punje ni kubwa, sawa, lakini inakobolewaje kwenye kinu? Ugali wake unakaa na mlenda au unavunjika? Unga wa uwele ukikaa siku chache unachacha kwa sababu ya mafuta yake, tunasaga kidogo kidogo. Huu wenu unakaa siku ngapi? Hakuna aliyewahi kuupika mbele yetu. Mnatuonyesha shamba, mlo hamtuonyeshi.

WAKALA WA PEMBEJEO: Hapo hata mimi nitakuja.

MZEE: Kwa kula huwa hukosi.

Walicheka, na mimi niwaache hapo, maana kilichobaki ni hukumu na si wao wanaopaswa kuitoa.

Sioni sababu ya kuyafuta mashamba darasa. Bibi Shamba hakukosea aliposema mkulima anaamini anachokiona, ila waliomtuma walimpa cha kuonyesha kisichokamilika na wakakiweka mahali pa kupendezea wageni. Wakurugenzi wa halmashauri na wenye miradi wana uwezo wa kulirekebisha hilo msimu huu huu unaokuja, bila teknolojia mpya. Shamba lipatikane kwa kura ya wanakikundi. Upande wa kienyeji ulimwe na mkulima anayejivunia njia yake, hata akiwa Mzee mwenyewe. Kibao kibebe siku za kazi pamoja na magunia. Lisipandwe shamba lolote la uwele kabla ya kujulikana mbegu hiyo itauzwa duka gani Novemba itakapofika. Na mkutano mmoja ufanyike jikoni.

Kuhusu mfuko wa hasara, ambao kila nikiutaja naambiwa bajeti hairuhusu, hesabu yake ni hii. Upande mpya wa shamba darasa ni robo ekari. Upande wa zamani, kwa mavuno ya magunia manne kwa ekari ambayo wengi hawayafikii, unatoa gunia moja. Kwa hiyo upande mpya ukiungua wote, usitoe hata suke, halmashauri inadaiwa gunia moja la uwele.